Asiyetaka Kitu

Ng'ambo, Mjini
7 Agosti 1955

Kwa mke wangu Wanu,

Salamu zangu zikufikie wewe, na mama mkwe Bi Mwanakheir umpe shikamoo yangu. Mimi mzima. Bega la kulia linauma lakini ni la kazi, si la maradhi. Karafuu zimeanza kuteremka bandarini na nyapara hataki kusikia neno mapumziko. Tunabeba kutoka ghalani mpaka kwenye tishali linalopeleka mzigo melini, mtu na gunia lake, mchana kutwa. Nikirudi chumbani nanuka karafuu mpaka Gharib, huyu Mtumbatu ninayelala naye chumba kimoja, ananiambia, "Jaku, usipite karibu na jiko la pilau, watakutia sufuriani."

Barua hii nimempa Msabah dereva, pamoja na mabofulo mawili. Ulisema tangu mimba iingie unaota mkate wa bofulo wa mjini, wenye ganda la kuvunjika. Nimeyanunua asubuhi yakiwa ya moto. Lori la Msabah likifika Bwejuu leo leo utayakuta laini. Likilala njiani usinilaumu mimi.

Nijibu mwenyewe, usimpe mtu akuandikie. Mimi nilitoka skuli darasa la tatu, nawe umesoma chuoni tu kwa Mwalimu Bakar, kwa hiyo hakuna wa kumcheka mwenzake kwa hati.

Mumeo,
Jaku Makungu


Bwejuu
16 Agosti 1955

Kwa mume wangu Jaku,

Mama anasema marahaba. Mabofulo yamefika. Lori lilipasuka mpira Jozani, likalala hapo, na yalipofika yalikuwa magumu kama jiwe la kusagia. Mama alitaka kuwapa kuku. Nikamwambia, kuku hawana mimba. Nimeyachovya kwenye chai nikayala yote mawili peke yangu, na ganda lake.

Sasa sikiliza nnavyotaka. Nataka bofulo jingine. Nataka achari ya ndimu, ile ya Mhindi wa Darajani. Nataka kanga, lakini usininunulie ya manjano kama ile ya mwaka jana, uliniona mimi papai? Na nataka uje, ila hiyo najua haiuzwi dukani.

Mimba imenikubali. Ndivyo wanavyosema wote. Nimejaa uso, nimejaa miguu, vidole vimekuwa kama ndizi mzuzu. Mama hana la kusema ila hilo. Akipita mtu njiani anamwita, "Njoo umtazame mwanangu alivyonawiri!" Jambo moja tu, siwezi kusokota kamba. Makumbi yananiponyoka kwa kuwa vidole havikunjiki. Makubadhi yangu nayo hayaingii, natembea miguu mitupu. Nikijibonyeza mguuni shimo linabaki pale pale, halirudi. Watoto wa jirani wananiomba niwaonyeshe kama mchezo.

Mtoto anacheza vizuri. Anapenda mimi nikilala.

Mkeo,
Wanu


Ng'ambo, Mjini
28 Agosti 1955

Wanu,

Barua yako nimewasomea wenzangu wakati wa kula, ile sehemu ya kunawiri tu. Walinipongeza. Mzee mmoja wa Makunduchi akasema mke akijaa miguu ni dume hilo. Nilifurahi, sikufichi.

Nimekununulia makubadhi ya kiume, ndiyo yenye upana. Vaa, asiyependa asitazame. Achari imo koponi, lifunike vizuri. Kanga ni nyekundu na nyeupe, haina pahala pa manjano.

Kuja siwezi. Meli mbili zimetia nanga, na ukikosa siku moja mwengine anashika gunia lako. Karafuu zikipungua nitakuja, nikukute hujazaa bado inshallah.

Jaku


Bwejuu
9 Septemba 1955

Mume wangu,

Naandika kidogo kidogo, napumzika. Kichwa kinauma, hapa mbele na nyuma ya macho. Nikiinuka naona cheche, kama zile zinazoruka kwenye tanuu la chokaa, lakini hakuna tanuu. Pana maumivu chini ya kifua. Achari nimeitapika. Usinunue nyingine.

Mama sasa hasemi tena kunawiri. Anasema nina shetani, yule wa upande wa bibi yangu aliyekuwa akiwapanda wanawake wenye mimba. Ameshakwenda kwa Bi Sichana. Unamjua, ndiye fundi wetu wa mashetani, na wanawake wengi hapa amewazalisha yeye. Amesema atakuja, lakini shetani wa ukoo huo hasemi mpaka afunikwe kitambaa chekundu kipya na afukiziwe udi mzuri, si huu wetu wa vijiti. Mama kaniambia nikuandikie: kitambaa chekundu, udi na marashi.

Mimi mwenyewe sijui. Nataka kulala pahala penye giza. Mtoto hachezi sana kama mwanzo, labda naye kichwa kinamuuma.

Wanu


Ng'ambo, Mjini
12 Septemba 1955

Wanu,

Kitambaa ndicho hiki, na udi na marashi yamo ndani yake. Nimechagua chekundu hasa. Nilikitoa mpaka mlangoni mwa duka nikakitazama juani, muuzaji akadhani namwibia. Kama mgeni huyo ni wa ukoo wenu, aridhike.

Lakini nisikilize na jambo la pili. Nilipomsomea Gharib barua yako, hakucheka. Dada yake alikuwa hivi hivi: miguu, kichwa, cheche. Hakuniambia mwisho wake, nami sikumuuliza. Alisema tu, "Mlete mjini apimwe damu."

Nikamwambia, "Damu ya Wanu haina kitu."

Akasema, "Wanamfunga mpira mkononi, wanaupuliza, wanatazama zebaki inapanda mpaka wapi. Ikipanda sana mama yumo hatarini, na mtoto tumboni hapati chakula chake."

"Tangu lini mchukuzi akawa daktari?"

"Tangu nilipomsindikiza dada yangu," akasema, akageukia ukutani.

Mimi sijui nani mkweli, Gharib au mama yako. Nimefanya yote mawili. Kitambaa hiki, na ruhusa yangu hii: ukiona hali mbaya panda lori la Msabah uje, usingoje nikuandikie tena. Mama mkwe asomewe mahali hapa. Mimi mumewe nimeruhusu atoke, usiku au mchana, na yeyote wa kumleta.

Jaku Makungu


Ng'ambo, Mjini
19 Septemba 1955

Mama mkwe Bi Mwanakheir, shikamoo.

Wanu yu hai. Nimeanza na hilo ili anayekusomea asikuzungushe. Mtoto naye yu hai, wa kike. Amezaliwa njiani. Barua hii anaichukua Bi Sichana mwenyewe, anarudi na Msabah, kwa hiyo ya njiani muulize yeye.

Wanu alikaa bila fahamu, kwa maradhi na kwa dawa za kumtuliza asitikisike tena. Sasa amefumbua macho. Ananijua mimi, anakutaja wewe, lakini hajui kama amezaa. Nesi anasema hiki ni kifafa cha mimba, na wengi wakizinduka huwa hawakumbuki. Wanamfunga ule mpira mkononi asubuhi na jioni. Zebaki inashuka, lakini bado iko juu.

Mtoto ni mdogo mno. Sitaki kukudanganya. Nilipoonyeshwa kutoka mlangoni nilidhani wameweka pamba tu kitandani. Yuko ndani ya pamba hiyo, na chupa ya maji moto kila upande. Nesi kanieleza kwamba damu ya mama ilipokuwa inakwenda kwa nguvu vile, kondo la nyuma lilikuwa halimpelekei mtoto cha kumtosha. Kwa hiyo kazaliwa kabla ya wakati wake, na tena ni mdogo hata kuliko wenzake wa miezi hiyo. Halii. Hanyonyi. Wanamtilia maziwa ya mama yake tone kwa tone, mengine anameza, mengine yanatoka.

Nilimuuliza nesi kama ataishi. Akasema, "Leo yupo."

Sijalia. Siku iliyofuata nilirudi bandarini nikabeba kama kawaida, na jioni sikukumbuka nimebeba nini.

Mkweo,
Jaku


Bwejuu
22 Septemba 1955

Mwanangu Jaku, marahaba.

Anayeandika ni Mwalimu Bakar wa chuo, mimi nasema. Bi Sichana kanieleza yote. Alhamdulillahi. Miguu yangu hii ingekuwa ya kupandia lori ningekuwa huko zamani.

Sasa sikia nilivyofanya, usije ukanigeuza mwongo mbele za watu. Wamekuja kuuliza, baraza nzima imejaa. Nimewaambia hakuna mtoto. Nimesema Wanu kanusurika, na mtoto basi tena. Mtoto wa namna hiyo hatajwi. Jicho moja tu la mtu atakayesema "mbona mdogo hivi" linatosha kummaliza. Akipita arobaini yake, akapata nyama mashavuni, nitamtoa mimi mwenyewe nje wamwone, na wa kununa anune.

Wewe nawe funga mdomo, na huyo Mtumbatu wako mwambie afunge wake.

Mwalimu Bakar anasema uongo ni dhambi. Nimemwambia aandike tu.

Mama yako,
Mwanakheir


Mjini
26 Septemba 1955

Wanu,

Ijumaa nilikuja saa ya kutazama wagonjwa nikaambiwa umelala. Nilikuona ukipepesa macho. Basi, si neno. Siku nyingine saa hiyo niko kazini, kwa hiyo karatasi hii nampa mama anayepiga deki wodini kwenu, ni mtu mwema.

Una haja gani? Nesi kasema chumvi hapana kwa sasa, kwa hiyo achari hapana. Bofulo unaweza kula. Niambie chochote unachotaka.

Jaku


(nyuma ya karatasi hiyo hiyo)

Sina haja ya kitu.

Macho yangu yamerudi, naona kuandika. Ijumaa usije. Ukija utakaa hapo ukinitazama, na mimi sina la kukwambia.

Jana alikuja Bi Tabia, jirani yetu wa Bwejuu. Alileta kamba zake mjini akasema apite anione. Alinishika mkono akaniambia, "Pole mwanangu, Mungu atakupa mwengine. Huyo keshamchukua." Nikamuuliza, nani kakwambia? Akasema, "Mama yako mwenyewe, na kwa mdomo wake." Kumbe ndiyo sababu sikumbuki kuzaa. Wangu alikufa, na nyote mmekubaliana msiniambie.

Huyu wanayenionyesha ni wa nani? Hana mama? Wanamleta, wanamweka kifuani kwangu, mwepesi kama kinda la njiwa, hafumbui macho. Wananiambia, mtazame mwanao. Namtazama. Sikasiriki wala sihuzuniki, namtazama tu kama ninavyotazama ukuta. Halafu nakamua maziwa kwenye kikombe, wanayachukua, sijui anakunywa nani.

Niambie mlimzika wapi. Sina jengine.

Wanu


Mjini
28 Septemba 1955

Wanu,

Leo sikubeba. Nyapara kasema nisipoingia leo kesho nisirudi, nikamwambia sawa. Naandika nimekaa chini nje ya ukuta wa hospitali, upande wa dirisha lako nadhani.

Hatukuzika mtu.

Mama yako aliwaambia watu hakuna mtoto kwa kuogopa jicho. Barua yake nimeitia ndani ya hii, imeandikwa na Mwalimu Bakar, hati yake unaijua kwa kuwa ndiye aliyekufundisha. Mimi nilinyamaza, nikaona ni mambo ya wazee. Sikufikiri kama uongo ule ungepanda lori ukaja mpaka kitandani kwako.

Sasa nakueleza usiyoyakumbuka. Mimi sikuwepo. Nakueleza kama nilivyoelezwa na Bi Sichana na Msabah, na hao wawili hawapatani kwa lolote ila haya.

Kitambaa kilipofika, Bi Sichana akaja alasiri. Walikulaza mkekani, wakakufunika, wakakufukizia. Ukaanza kutikisika. Mwili ukakakamaa, macho yakapinduka, povu likatoka. Wanawake wakapiga vigelegele, "Kapanda! Kapanda!" Mama yako akasogea kwa adabu akauliza, "Karibu bwana. Wewe nani? Watoka wapi? Unataka nini tukupe?"

Kimya. Ukalegea, ukawa unakoroma.

Bi Sichana akauliza mwenyewe, kwa maneno ya kazi yake. Kimya. Ukatikisika mara ya pili, ukajiuma ulimi. Wakakusogezea halwa, wakakunyunyizia marashi. Mama yako akasema, "Pengine anataka jogoo." Mwengine akasema, "Pengine Mwarabu huyu, msemesheni Kiarabu." Bi Sichana akachukua chetezo akakitoa nje.

"Zimeni moshi huu," akasema. "Huyu si wangu."

"Si wako vipi, Bi Sichana?"

"Tangu nimeanza kazi hii sijaona shetani asiyetaka kitu. Shetani huja kwa haja yake. Ataomba pete, ataomba mbuzi, atakutukana na mama yako. Huyu hasemi, haombi, anamtikisa tu. Haya ni maradhi. Mwiteni Msabah."

Mama yako akasema, "Bila ya mumewe kujua?" Ndipo Mwalimu Bakar alipopewa barua yangu aisome, pale nilipoandika ruhusa. Alisoma mara mbili. Mama yako akakufunga kanga mwenyewe.

Msabah alikuwa keshapakia kamba za kuleta mjini. Walikulaza juu ya hizo kamba, na Bi Sichana akapanda nawe nyuma. Mlipoingia Jozani, pale miti inapofunika barabara, ukatikisika tena. Bi Sichana akapiga bati kwa ngumi.

"Simamisha!"

"Bibi, hapa nikisimama gari haliwaki tena!"

"Basi lisiwake! Mtoto huyu!"

Alitoka mwenyewe, kama anayeteleza. Hakulia. Bi Sichana alimfuta mdomo, akampulizia, akamsugua mgongo mpaka akavuta pumzi. Kisha akatafuta cha kumfungia, hapakuwa na kikavu ila kile kitambaa chekundu nilichokitazama juani. Akakipasua kwa meno. Nusu akamfunga mtoto, akamtia kifuani mwake chini ya kanga, ngozi kwa ngozi, mpaka mjini. Nusu akakufunga wewe tumboni, kama anavyofungwa mzazi yeyote. Lori likawaka. Msabah anasema ni kwa dua zake, Bi Sichana anasema ni kwa matusi yake.

Mlangoni nesi alimuuliza, "Wewe nani wake, bibi?"

"Fundi."

"Fundi cherehani?"

"Fundi wa mashetani. Lakini huyu hana, mpokeeni upesi."

Hayo ndiyo yote ninayoyajua. Nusu yako ya kitambaa imo kikapuni chini ya kitanda chako, niliitia mimi. Nusu ya mtoto waulize manesi, aliingia nayo ndani. Ziweke pamoja. Mimi usiniamini, wala mama yako usimwamini. Tazama upasuko.

Jaku


Hospitali
30 Septemba 1955

Jaku,

Nimeviweka pamoja juu ya shuka. Cha mtoto kimefuliwa, damu haikutoka yote. Bi Sichana hakupasua sawa, alianza vizuri kisha akaenda pembe, na vyote viwili vimekwenda pembe moja. Pana nyuzi tatu zilizovutika upande wangu, na upande wake zinakosekana.

Basi ni wangu.

Nilidhani nikijua nitalia, au nitafurahi. Sikufanya lolote. Nilimwambia nesi, mleteni. Akaletwa, nikamshika. Hataki kitu huyu, Jaku. Hafungui mdomo, hakunji hata uso. Nami sitaki kitu. Tumekaa hivyo wawili mpaka wakamchukua.

Kamwombe nyapara radhi, urudi kazini. Bofulo usilete.

Wanu


Ng'ambo, Mjini
6 Novemba 1955

Wanu,

Tangu nilipokupandisheni lori kurudi Bwejuu sijapata neno. Uliondoka hukugeuka kunitazama. Sikulaumu, ulikuwa umemshika mtoto kwa mikono miwili. Msabah anasema mlifika salama, lakini Msabah husema hivyo hata akipasua mipira yote.

Nyapara alinirudisha. Alinitukana kwanza, kisha akaniuliza, "Mkeo je?" Nikamwambia yupo. Tukaendelea kubeba.

Yale ya nesi usiyaache. Mtoto asipoe, akae kifuani mwako ngozi kwa ngozi kama alivyofanya Bi Sichana. Maziwa kidogo kidogo, mchana na usiku, hata kama haombi. Wewe mwenyewe usibebe maji wala kuni. Mwisho wa mwezi uje upimwe mkono. Na aliniambia mimi kando: ukipata mimba nyingine uje mapema, usingoje kujaa miguu, kwa kuwa maradhi haya yanaweza kurudi. Nikamuuliza mtoto atakuwaje. Akasema wengine hushika njia wakawa kama wenzao, wengine huchelewa kukaa na kutembea, na wengine hawafiki huko. Alisema bila kunificha na nilimshukuru.

Gharib ameniambia mwisho wa dada yake. Alikufa, na mtoto wake akamfuata. Aliniambia tukiwa tunakula, kisha tukamaliza kula. Kila jioni ananiuliza kama mwanangu analia.

Analia? Andika hata neno moja. Yupo au hayupo.

Jaku


Bwejuu
18 Novemba 1955

Kwa mume wangu Jaku,

Neno lako hilo: yupo.

Nimekawia kukuandikia kwa kuwa sikuwa na la kuandika. Kila siku ilikuwa ile ile. Vile vitambaa viwili nimeviunga kwa sindano, na ndivyo ninavyomfungia kifuani. Namkamulia, anameza, au maziwa yanamwagika shingoni. Mama anafunga mlango. Bi Sichana anakuja asubuhi, anamtazama, anaondoka. Bi Tabia aliwahi kuchungulia akauliza nimefunga nini hapo kifuani, mama akamwambia, "Chupa ya maji moto. Madaktari wamemwambia." Na mimi nikakaa hivyo hivyo kama niliyefunga chupa.

Jana adhuhuri nilikuwa nimelala, usingizi wangu wa siku hizi, usio na kitu ndani. Nikasikia kelele. Nikadhani paka wa jirani. Kelele ikazidi, nikahisi inanitetemesha mbavu. Nikafunua kitambaa. Uso mwekundu, ngumi mbili, mdomo wazi mpaka kooni. Analia. Analia kwa hasira, kama mtu aliyeibiwa sokoni.

Mama alikuja mbio na miguu yake ile. "Mnyamazishe, watu watasikia!"

Nikasema, "Wasikie."

Bi Sichana naye akaingia, katoka jikoni kwake na mwiko mkononi. Akasimama mlangoni akimsikiliza mpaka mtoto aliposita ili avute pumzi. Kisha akamsemesha kwa yale maneno ya kazi yake, kwa adabu kabisa, "Karibu bibi. Wewe nani? Watoka wapi? Unataka nini tukupe?"

Akalia tena, zaidi.

"Haya," akasema Bi Sichana. "Huyu ana haja yake." Akarudi jikoni kwake, mchuzi wake ulikuwa unaungua.

Nikampa titi. Akalikamata. Liliniuma, Jaku. Kitu kiliniuma. Tangu siku ile sijasikia kitu kikiniuma, hata kidole nilipokigonga kwenye kinu. Nikakaa namtazama akivuta, na maumivu yakawa yanakuja na kwenda kama anavyotaka yeye.

Jioni mama alikwenda mwenyewe kwa Bi Tabia kumwambia alimdanganya. Wamegombana mpaka barazani, kisha Bi Tabia akaja na yai. Alimtazama mtoto akafungua mdomo, mama akamwambia, "Sema mashaallah, basi." Akasema mashaallah basi.

Tumemwita Mize, jina la marehemu mama yako. Kama ulikuwa na jina jengine, ungekuwepo.

Bado mdogo. Mkono wake hauzunguki kidole changu. Sijui atakaa lini wala atatembea lini, na simwambii mtu kwamba sijui. Miguu yangu imerudi, makubadhi yako ya kiume sasa yananipwaya. Mwisho wa mwezi nakuja na Msabah kupimwa, naye namchukua, na Gharib akitaka atamsikia mwenyewe kwa masikio yake.

Naona karatasi imejaa. Liko jambo moja. Nataka bofulo. Usingoje liwe la moto, mpe Msabah kesho. Hata likifika gumu.

Mkeo,
Wanu